Mto Unaojaa Kabla ya Mvua

3 Februari

Kwa Msomaji wa Kipima Mvua,
Kituo Namba 14.

KUHUSU: KUONDOLEWA KWA KITUO KATIKA MTAMBO WA TAHADHARI YA MAFURIKO

Taasisi yetu imetengeneza mtambo wa akili bandia utakaowatumia wakazi wa mabondeni ujumbe wa simu, bure, kila mto unapokaribia kufurika. Mtambo huo umejifunza kutokana na takwimu za mvua za miaka thelathini, kutoka vituo kumi vya bonde la mto huu. Kabla haujaanza kazi rasmi tarehe 1 Machi, Kitengo cha Maadili kimekagua kituo kimoja kimoja, kwa sababu takwimu mbovu zinaweza kudhuru watu.

Takwimu za kituo chako hazikufaulu. Tumependekeza zisitumike. Fundi atafika tarehe 26 kuchukua kifaa. Tafadhali saini fomu iliyoambatanishwa na uirudishe ofisini.

Mtafiti,
Kitengo cha Maadili na Ubora wa Takwimu

(Kwa kalamu, chini:) Baba, nimeona nikuandikie mwenyewe kuliko uje usikie kwa watu. Usilichukulie kama jambo la nyumbani. Hii ni kazi.


8 Februari

Kwa Mtafiti, Kitengo cha Maadili,

Barua yako imefika. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikadhani ni ya mtu mwingine, nikaketi nikaisoma tena. Kumbe ni yangu.

Shikamoo sikuiona. Nimegeuza karatasi, nimechungulia ndani ya bahasha, haimo. Kwa hiyo marahaba nayo inabaki huku huku.

Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na mmoja. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nafungua kipima, namimina maji kwenye chupa ya kupimia, nainama mpaka jicho liwe sawa na maji, naandika. Nimesoma nikiwa na homa. Nimesoma asubuhi ya kumzika mama yako, waombolezaji wamekaa uani wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Leo binti niliyemlea kwa kazi hiyo hiyo ananiandikia "hazikufaulu", utadhani mimi ni mtoto wa darasa la pili.

Zimefeli nini? Amezisahihisha nani? Alikuja lini? Kipima kiko palepale nyuma ya karakana yangu, ndani ya uzio wa waya. Sijaona mguu wa mtu.

Umesema nisilichukulie kama jambo la nyumbani. Haya, tuandikiane kiofisi basi, maana hata simu sitapokea. Mambo ya kazi huandikwa.

Fomu sijasaini. Nimefungia misumari. Fundi wako akija atakuta kufuli.

Msomaji wa Kituo Namba 14


12 Februari

Baba, shikamoo. Hiyo hapo, nimeiweka juu kabisa usije ukasema umeikosa.

Umeuliza zimefeli nini. Nilitaka kukustahi, lakini wewe hustahiki, basi sikiliza.

Kwenye daraja la huku chini kuna kifaa kinachopima kina cha mto kila saa. Mvua inanyesha huko kwako mlimani, maji yanateremka, baada ya saa kumi na mbili hivi mto unajaa huku. Vituo vyote tisa vinaonyesha hivyo: mvua leo, mto kesho. Chako peke yake ni kinyume. Mto unajaa Jumanne alfajiri, na mvua iliyoujaza imeandikwa kwenye kitabu chako kuwa ni ya Jumanne hiyo hiyo. Yaani mto ulijaa kwanza, halafu mvua ndiyo ikanyesha! Ingekuwa mara moja ningenyamaza. Mto umepanda mara mia mbili na arobaini katika miaka hiyo. Kwako imekuwa hivyo mara mia mbili na kumi na nne.

Mtu anayesoma kipima kila asubuhi hawezi kukosea namna hiyo. Anayekosea hivyo ni mtu anayekaa ndani, akisikia redioni kwamba mto umejaa anachukua kalamu na kubuni mvua ya kufanana nao. Sitaki kuamini, lakini hesabu ndizo zinazosema.

Tena kuna zile siku kumi na mbili za Juni, miaka kumi na tisa iliyopita. Tano, tano, sifuri, kumi, tano, tano, kumi. Mvua haianguki kwa tano tano, Baba, wewe mwenyewe ulinifundisha. Hizo zimeandikwa na mvivu aliyekaa kwenye kiti. Mkuu wangu alizionyesha ukutani mbele ya ofisi nzima. Wakaangua kicheko, na wote wanajua wewe ni nani kwangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mabondeni wanaishi watu elfu nne, Shangazi akiwa mmoja wao. Mashine ikifundishwa uongo itawaambia uongo. Siwezi kuwahatarisha watu wote hao kwa kuogopa utanuna.

Binti yako


17 Februari

Kwa Binti yangu,

Marahaba iko huku. Ukija utaikuta. Haitumwi kwa posta.

Umeniita mwongo na mvivu katika karatasi moja, kisha ukasaini "binti yako". Una moyo mgumu kama wa bibi yako, na yeye angalau alikuwa anatukana ana kwa ana.

Redio yangu iliharibika mwaka aliofariki mama yako. Sijanunua nyingine. Habari za mto huniletea shangazi yako, na shangazi yako huzipata kwangu kwanza, kwa sababu mvua ikizidi milimita hamsini mimi sisubiri asubuhi. Napima palepale, nampigia yeye simu, na nyinyi huko ofisini nawatumia ujumbe. Miaka ishirini nafanya hivyo. Sijasikia asante, wala sijaidai.

Shangazi yako alinipa kile kitabu chenu chenye jalada la bluu, Mwongozo wa Akili Bandia kwa Manufaa ya Umma, kilichoandikwa na wewe. Alikuwa anakionyesha kwa wateja wake wote. Nimekisoma chote, kwa miwani. Kifungu cha tano kinasema anayetoa takwimu ataulizwa na kusikilizwa kabla takwimu zake hazijakataliwa. Kifungu kizuri kabisa. Ulipokiandika ulikuwa unawaza baba za watu wengine?

Kitabu cha mvua kiko mezani. Hakitoki humu ndani, maana kikipotea ndiyo basi. Panda gari la saa moja asubuhi, saa sita umeshafika. Kifungue kwa mikono yako.

Kuhusu zile siku kumi na mbili, hapa siandiki neno. Barua zangu unazifungulia ofisini, na mkuu wako anazisoma. Yapo ya ofisini na yapo ya kwangu na wewe. Njoo.

Baba yako


25 Februari

Baba, shikamoo.

Nilikupa nafasi ya kujieleza kuhusu siku kumi na mbili. Umejibu kwamba huandiki neno. Basi nimeelewa, na wenzangu wameelewa.

Kuja siwezi. Mtambo unawashwa siku nne zijazo, na kila asubuhi mkuu wangu ananiuliza kama nimemalizana na "suala la mzee wako". Suala la mzee wangu! Nimesoma miaka yote hii ili nisije nikaitwa tena kwa jina lako. Unakumbuka shuleni? Wewe Mzee Milimita, mimi Milimita Mdogo. Nikipita, wanainama wote kwa pamoja na kujifanya wanachungulia ndoo. Nilikuja kukushtakia nikilia, ukacheka, ukasema hicho ni cheo. Hakikuwa cheo.

Kitabu chako sina haja ya kukiona. Kila kilichomo kilishachapwa kwenye kompyuta zamani, namba kwa namba, na nimezipitia zote.

Nimeandika kwenye taarifa, "msomaji amekataa kujieleza", nikasaini. Kuanzia tarehe 1 Machi, chochote kitakachotumwa kutoka Kituo 14 mtambo utakitupa bila kukisoma. Fundi nimemzuia, hatakuja. Kifaa baki nacho, ukipenda panda maua.

Binti yako


4 Machi

Kwako wewe mtoto,

Hujambo? Mimi sijambo, ila kaka yangu ana jambo. Ninaandika kwa sababu nikikupigia unanong'ona "Shangazi niko kikaoni", hata Jumapili.

Ujumbe wenu umeanza kuingia. Juzi "Hatari: hakuna." Jana "Hatari: hakuna." Fundi viatu wa hapa jirani ameupenda kupita kiasi, kila asubuhi anatusomea kwa sauti kama taarifa ya habari, hata sisi tulio na simu zetu mkononi. Ukimwambia nimeshauona, anakusomea tena.

Mimi nina swali moja tu. Kaka akinipigia akasema toka, na simu yenu ikasema kaa, nimsikilize nani? Nijibu kwa maandishi, nibandike hapa ukutani juu ya cherehani. Watu wa mtaa huu wananiuliza mimi, wakidhani kwa kuwa ninyi ni wangu wote basi najua.

Halafu mwandikie baba yako maneno mazuri. Amekonda. Yeye anasema hajakonda, ni mkanda ndio umelegea.

Shangazi yako


7 Machi

Shangazi, shikamoo.

Fuateni ujumbe. Mashine inasoma vituo tisa kwa pamoja, haina hasira, haina mazoea, wala haimpendelei mtu. Simu ya Baba msiifuate tena. Baba amezoea kusikilizwa, ni hilo tu.

Waambie majirani wote, na huyo fundi viatu mwambie namshukuru sana kwa kuwasomea wenzake. Laiti kila mtaa ungekuwa na mtu kama yeye.

Bandika karatasi hii ukutani.

Mwanao


24 Machi

Sina salamu.

Jumatatu saa kumi na moja jioni baba yako alipiga. Alisema maneno yake yale yale. "Tisini na sita tangu adhuhuri. Beba cherehani, panda juu." Hapa kwetu jua lilikuwa linawaka. Nikatazama ukutani, karatasi yako ipo, nimeibana kwa pini nne. Nikatazama simu. "Hatari: ndogo."

Sikufichi, nilikaa. Nilikaa nusu saa nzima nikiwa nimewakasirikia nyote wawili. Kisha nikasema, kaka yangu namjua tangu napata akili, hii mashine nimeijua wiki mbili. Nikajitwisha cherehani. Nikagonga kila mlango. Wengi walitoka, wakinung'unika, wengine wakinitukana kabisa.

Fundi viatu alikataa. Alinionyesha simu, halafu akanishika mkono akanirudisha mpaka kwangu, akanionyesha karatasi yako ukutani. "Mtoto wa Milimita mwenyewe kaandika tusifuate simu ya baba yake. Wewe mshona nguo unajua kumshinda?" Akanicheka kidogo, si kwa ubaya, akarudi kwenye kibanda chake. Mkewe alikuwa kwa wazazi wake, namshukuru Mungu kwa hilo.

Maji yalikuja alfajiri. Yalifika usawa wa madirisha. Tulimpata Jumatano nyuma ya kibanda, gunia la viatu likiwa begani. Vilikuwa viatu vya wateja. Nadhani alirudi kuvichukua.

Karatasi yako maji hayakuifikia. Nimeibandua mwenyewe. Imo humu ndani ya bahasha, uitunze wewe.

Shangazi yako


27 Machi

Kwa Binti yangu,

Kitabu nimekitoa. Nimekifunga kwa nailoni mara tatu, nikakipeleka mwenyewe kwenye kaunta ya vifurushi, nikasimama pale mpaka kikapakiwa. Miaka thelathini na mmoja hakijawahi kulala nje ya nyumba hii.

Nilikaa nikakuandikia kurasa mbili za kukusuta. Zilikuwa kali, na kila neno lilikuwa kweli. Nimezichana, kwa sababu nilipofika mwisho niliona nami nina kosa langu. Basi lipo kila siku. Mwezi uliopita ningeweza kukipakata kitabu hiki magotini nikakileta hadi mezani kwako. Sikutaka. Nilitaka wewe ndiye uje, nilitaka nifuatwe. Nilipokuwa nadai hiyo haki yangu, fundi viatu alikuwa mzima.

Ukikifungua, usisome namba. Namba umeshazisoma. Soma maneno yaliyo juu ya safu ya kwanza, kisha mwite mkuu wako naye ayasome.

Ukurasa wa Juni ile nimeufunika kwa karatasi, nimepaka gundi kidogo pembeni. Ofisi haina haja nao. Ukitaka kuibandua, uwe peke yako.

Baba yako


4 Aprili

Baba, shikamoo.

Juu ya safu imeandikwa "Siku ya kupima". Kwenye vitabu vya vituo vingine vyote imeandikwa "Siku ya mvua".

Nilikaa nikayatazama maneno hayo mpaka chai ikapoa. Mvua ya Jumatatu inapimwa Jumanne asubuhi. Wenzako wanarudi mstari mmoja nyuma na kuiandika Jumatatu. Wewe uliiandika Jumanne, kama kitabu chako kilivyokuagiza. Wao walibadilishiwa vitabu, wewe ulisahaulika. Ndani ya jalada nimekuta nakala za barua zako tatu ukiomba vipya, hazikujibiwa. Kurasa zilipoisha ukaongeza nyingine, ukachora safu kwa rula, na juu yake ukayanakili maneno yale yale, kila mwezi, bila kuruka hata mmoja. Waliochapa kwenye kompyuta walichapa namba. Maneno ya juu hawakuyachapa.

Hukuwahi kubuni mvua, Baba. Kitabu chako kiko nyuma ya wenzake kwa siku moja, basi, na mtu yeyote ambaye angefika hapo mezani angeliona hilo kabla hajavua viatu.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Vituo vitatu vingine vilikuwa na kasoro. Vyote vitatu nilituma mtu akaulize. Chako sikutuma. Nilitaka ofisi nzima ione kwamba simpendelei baba yangu. Kitu hicho nilikiita maadili, nikajisifu nacho moyoni.

Tumesogeza takwimu zako siku moja nyuma, mtambo umejifunza upya, kisha tukaurudishia Jumatatu ile kama ilivyokuwa. Ujumbe wako wa jioni ulikuwa umefika ofisini. Ulifika ukatupwa, kama nilivyoagiza. Safari hii mtambo uliusoma. Saa kumi na moja na dakika nne jioni ukaandika: "Hatari: kubwa sana. Ondokeni." Nimeutazama ujumbe huo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kila mara nawaza jinsi ambavyo angeusoma kwa sauti.

Karatasi ya Juni nimeibandua. Mwandiko ni wangu. Zile tano zenye mkia mrefu ni zangu za darasa la tano. Ulivunjika mguu, ukalazwa, Mama akawa anakuuguza, mimi mkaniachia ufunguo wa uzio. Siku ya kwanza wenzangu walinifuata, wakajipanga nje ya waya wakiimba Milimita Mdogo. Sikwenda tena. Nilikaa jikoni nikaandika tano. Kisha nikasahau, au nilijifunza kusahau, sijui. Mvivu niliyemtukana mwezi wa pili nilikuwa mimi.

Na chini, kwa penseli, mwandiko wako: "Nimerudi leo. Maji yaliyokutwa ndani ya kipima ni 143. Za hapo juu si sahihi. Msomaji: mtoto." Kwa hiyo ulijua siku ile ile. Hukunigombeza hata kwa jicho. Na mwaka huu ungeandika mstari mmoja tu ungenimaliza mbele ya mkuu wangu. Uliacha wakuite mvivu.

Mkuu alitaka taarifa iseme "hitilafu ya kituo". Tumegombana hadi watu wakafunga milango. Nimeandika yote, kifungu cha tano nimekiweka mwanzoni, ukurasa wa Juni nimeuambatanisha bila kuufunika. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Kituo 14 kimerudishwa kwenye mtambo, hilo halisubiri uchunguzi.

Jana niliisoma taarifa hiyo mabondeni, kwenye ua wa shule. Walinizomea, na walikuwa na haki. Mjane wa fundi viatu hakuzomea. Alisubiri nimalize, akauliza, "Baba yako anakaa mbali?" Nikasema saa tano kwa basi. Akasema, "Saa tano tu?" Akajifunga kanga yake vizuri akaondoka.

Naja Jumatano.

Binti yako


(Karatasi chini ya jiwe, kando ya kipima)
9 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilibisha hodi jana, nikaona pazia likitikisika. Sawa. Nimelala kwa jirani. Ufunguo wa uzio umening'inia kwenye nguzo, na najua hukuusahau.

Saa tatu asubuhi: 12.6. Msomaji: mtoto.


10 Aprili

Jana ulianza saa tatu kasoro dakika mbili. Subiri saa tatu.

Suuza chupa kwanza. Na hukuinama vya kutosha, ulisoma ukiwa juu, na anayesoma kutoka juu anazidisha. Nilikuona nikiwa dirishani.

Usidhani kwa kuwa nimekuandikia basi yamekwisha.


10 Aprili

Baba, shikamoo.

Saa tatu kamili: 4.2. Nimepiga magoti. Nguo imeloa.

Sidhani yamekwisha. Sikuja ili yaishe. Siku kumi na mbili nilizoandika nikiwa jikoni, nimekuja kuzisoma.

Msomaji: mtoto.


15 Aprili

Wale watoto wa shule waliosimama nje ya waya leo wakicheka, nimewaona. Nilitaka kutoka niwafukuze. Nimeona hukuinua kichwa mpaka ulipomaliza kuandika, nikakaa.

Safu uliyochora imepinda. Rula iko karakana, kwenye droo ya misumari.


15 Aprili

Baba, shikamoo.

Rula nimeipata. Ilikuwa juu ya fomu yangu ya Februari, bado ina misumari. Nimechora upya, na juu nimeandika "Siku ya mvua". Kama hutaki, sema.

Nilikuwa naona haya, Baba. Nina miaka thelathini na bado nilikuwa naona haya.

18.8. Msomaji: mtoto.


20 Aprili

Baba, shikamoo.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Mvua haikunyesha, nyasi ni kavu, kutoka kwa jirani naona kabisa kwamba hakuna kitu. Nimekuja, nimesubiri saa tatu, nimefungua, nimemimina, nimepiga magoti.

0.0.

Shangazi amenipigia. Mjane wa fundi viatu anataka namba ya simu yako, aiandike kwenye mlango wa kibanda kwa rangi, wapita njia wote waione. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Msomaji: mtoto.


21 Aprili

Mpe namba.

Hasira yangu iko palepale, usijidanganye, na sidhani nitaishi miaka ya kutosha kuimaliza. Yule fundi viatu harudi, na kosa ni langu na lako.

Goti la mguu ule uliovunjika linaniuma, kuinama nimeanza kushindwa. Kesho soma wewe, na keshokutwa. Saa tatu kamili. Mlango sijaufunga.

Marahaba.